Kuhesabu Nyumba kwa Nyumba: Goma, 1994

Somo letu la leo ni la historia. Tutaona jinsi hesabu inavyoweza kufichua taabu iliyojificha.

Katikati ya mwezi wa Julai, 1994, wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka wa Rwanda wakaingia Goma, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Rwanda ilikuwa imeharibiwa na vita na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Miongoni mwa wakimbizi hao walikuwamo wauaji. Walikuwamo pia watoto wasiojua lolote.

Ardhi ya Goma ni mwamba wa volkano. Kuchimba choo ni kazi ngumu, hata kaburi pia. Watu wengi walikunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha. Kipindupindu kikazuka, kisha kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000.

Hayo yalijulikanaje? Kwanza, maiti zilizokusanywa zilihesabiwa. Lakini maiti haisemi imetoka nyumba gani. Kwa hiyo, mwanzoni mwa Agosti, watu wa afya waliingia katika kambi za Katale, Kibumba na Mugunga. Walichagua nyumba bila upendeleo, wakauliza: Mko wangapi hapa? Nani amekufa tangu mfike? Watoto nao wakapimwa.

Wataalamu husema kwamba akifa zaidi ya mtu 1 kwa siku katika kila watu 10,000, hiyo ni hatari kubwa. Goma walikufa kati ya 20 na 35.

Tena ilionekana kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, kati ya 18 na 23 walikuwa wamekonda kwa njaa na maradhi. Waliozidi kuumia ni watoto wa nyumba zilizoongozwa na wanawake. Kumbe, chakula kilipitia mikononi mwa viongozi wa kambi, na wengine walijipendelea. Aliyetazama malori tu angedhani wote wamekula.

Katika mwezi wa pili vifo vilipungua vikawa kati ya 5 na 8. Hata hivyo, hatari ilikuwa haijaisha.

Basi kumbukeni: msaada haupimwi kwa kilichofika kambini, bali kwa kilichofika nyumbani.

Swali la daftarini: Kwa nini haikutosha kuhesabu malori? Kwaherini.