Alama Juu ya Barua

Yeyote aliyewahi kusimama Tunduma siku ya malori mengi anajua kwamba gunia lisilo na alama ni gunia la matata. Mahindi ni yale yale na kamba ni ile ile, mwenyewe atalitambuaje? Barua nazo ni hivyo hivyo. Napenda kukumbusha jinsi wazee wetu walivyoshughulika na jambo hilo katika magazeti ya Kiswahili.

Mwaka 1904 gazeti la Kiongozi lilianza kutolewa na shule ya serikali ya Wajerumani huko Tanga. Miongoni mwa waliolijaza ni vijana waliosoma shuleni hapo, kisha wakatawanyika nchini kuwa walimu, makarani na maakida. Waliandika habari za mahali walipo, nazo zikachapwa chini ya jina la mji zilikotoka. Basi aliyebaki Tanga aliweza kujua hali ya mwenzake aliye bara. Gazeti lilikoma mwaka 1916 wakati wa vita, lakini desturi haikufa. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Waingereza mjini Dar es Salaam mwaka 1923, nalo lilitenga habari za miji mahali pake na mashairi mahali pake. Huko kwenye mashairi ndiko wengi walikolizoea jina la Shaaban Robert.

Hata hivyo, jina la mji peke yake halitoshi. Kwanza, humtaja mkubwa likamficha mdogo. Sisi tunalijua hilo: hadi ulipoundwa Mkoa wa Songwe mwaka 2016, habari za Tunduma, Vwawa na Ileje zilihesabiwa kuwa za Mkoa wa Mbeya. Aliyezitaka ilimpasa apekue za Mbeya nzima. Pili, mahali si jambo. Barua juu ya bei ya kahawa kutoka Mbozi na nyingine kutoka Moshi ni ndugu, lakini zikipangwa kwa miji hazionani.

Kwa hiyo hapana budi barua iwe na alama ya mahali na alama ya jambo. Alama zisizidi, maana barua yenye alama kumi haina tofauti na isiyo nayo. Tena tukubaliane maneno: mmoja akiandika “bweni” na mwingine “dahalia”, jambo moja litakaa mafungu mawili.

Wahitimu wenzangu, mnapoliandikia gazeti hili, wekeni juu ya barua mahali mlipo, mwaka mliomaliza na jambo mnalolisema. Nanyi vijana mlio madarasani, mkikabidhiwa kabati la barua za shule, zipangeni hivyo. Iko siku mtu atakuja kuuliza habari za baba yake aliyesoma hapa. Barua itakuwemo kabatini, lakini bila alama hataiona.