Ubao wa Mbao na Ubao wa Kioo

Wahenga walisema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Neno hili latufaa tunapoitazama historia ya vyombo vya kufundishia katika nchi yetu. Kila kizazi kimeletewa chombo kipya au njia mpya ya elimu, na kila kizazi kimeahidiwa kwamba kwa chombo hicho ujinga utakwisha. Vyombo vingine vilikaa hata vikawa desturi. Vingine vilipita kama wingu lisilo mvua. Nia ya insha hii ni kuuliza sababu ya tofauti hiyo.

Tuanze Majoreni. Kijiji hiki kipo kusini ya Kwale, kati ya Shimoni na Vanga, mahali ambapo maji ya bahari huingia nchi kavu kwa hori zilizozungukwa na mikoko. Kabla ya kuja kwa skuli, mtoto wa upande huu alikuwa na mahali pawili pa kusomea. Mahali pa kwanza palikuwa ndani ya chombo cha babaye au mjombawe. Huko hakuambiwa maneno mengi. Alianza kwa kufua maji, akaendelea kwa kutega na kutazama upepo, na mwisho, baada ya miaka, aliaminiwa kushika usukani. Makosa yake yalionekana papo hapo, na bahari yenyewe ilikuwa mtahini wake. Leo wataalamu husema kuwa mtoto hujifunza vizuri kwa kutenda kuliko kwa kusikia tu, nasi hulipokea neno hilo kana kwamba limezaliwa jana. Wavuvi wa Majoreni walilijua zamani, ingawa hawakuliandikia kitabu.

Mahali pa pili palikuwa chuoni, yaani kwa mwalimu wa Kurani. Chombo cha huko kilikuwa ubao wa mbao. Mwalimu aliandika herufi kwa kalamu ya tete na wino mweusi. Mwanafunzi alizisoma kwa sauti mpaka akazihifadhi. Kisha ubao ukaoshwa kwa maji, na somo jipya likaandikwa mahali pa lile la zamani. Ubao mmoja uliweza kumfaa mtoto mmoja miaka mingi, na baada yake nduguye.

Chuo hicho kilikuwa na upungufu wake, wala si haki kuuficha. Watoto wengi walihifadhi maneno bila ya kufahamu maana yake, na kiboko hakikuwa mbali. Walakini ubao wenyewe ulikuwa na sifa nne ambazo tutazihitaji mbele ya safari yetu. Kwanza, ulipatikana pale pale, kwa maana seremala wa kijiji aliweza kuuchonga. Pili, ulipoharibika, hakuna aliyesubiri fundi kutoka mbali. Tatu, ulikuwa mkononi mwa mwanafunzi kila siku. Nne, na hii ndiyo sifa kubwa, mwalimu aliujua kabisa, kwa sababu yeye mwenyewe alisomea ubao kama huo alipokuwa mtoto.

Karne ya 19 ilileta wageni na vyombo vyao. Mwaka 1846 wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann waliweka makao yao Rabai, nyuma ya Mombasa, nao wakaanza kufundisha watoto huko. Taratibu, skuli za misheni na baadaye za serikali zikaenea, zikaja na vitabu vya chapa, vibao vya mawe, ubao mweusi na chaki. Ubao mweusi ulibadili sura ya darasa. Hapo kwanza kila mtoto alikuwa na somo lake katika ubao wake, aliyetangulia na aliyechelewa. Sasa watoto wote walitazama mbele, na somo likawa moja kwa wote. Ilikuwa faida, maana mwalimu mmoja aliweza kufundisha wengi. Ilikuwa hasara pia, maana aliyechelewa alianza kupotea katika kundi.

Wakati huo wako watu waliotambua kwamba chombo hakitoshi. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika ya Mashariki kuchunguza elimu, na mwaka uliofuata ilifunguliwa Skuli ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi. Jina lake lilitoka Marekani, kwa bibi Anna Jeanes aliyetoa mali yake kusaidia skuli za vijijini za watu weusi wa kusini ya nchi ile. Kabete ilifunza walimu wa namna ya pekee. Hawakufunzwa ili wakae katika darasa moja, bali ili watembee kutoka skuli hadi skuli, wakimwonyesha mwalimu wa kijiji kwa vitendo jinsi ya kufundisha. Mtu anaweza kukosoa mengi katika elimu ya wakati wa ukoloni, kwa kuwa ilimpimia Mwafrika elimu kwa kibaba. Lakini fikra hii ya mwalimu kumfuata mwalimu mwenzake darasani ilikuwa ya hekima, na tutaona jinsi ilivyosahauliwa mara kwa mara.

Tazama yaliyotokea mwaka 1957. Mwaka huo ilianzishwa Nairobi njia mpya ya kufundisha katika skuli za msingi, kwanza katika skuli za watoto wa Kihindi. Mtoto alifundishwa kwa Kiingereza tangu mwaka wa kwanza. Madawati yaliyopangwa kwa safu yaliondolewa. Watoto wakakaa kwa makundi, wakatumia picha, kadi na michezo, wakatenda badala ya kukariri. Walimu wa kwanza waliandaliwa kwa uangalifu, wakapewa vitabu vya mwongozo, tena wakatembelewa na wasimamizi. Matokeo yakawa mazuri, na sifa zikaenea nchi nzima.

Ndipo ikaja haraka. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, wazazi wa kila wilaya walitaka watoto wao wapate njia ile ile, na ni nani awezaye kuwalaumu? Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza tangu darasa la kwanza. Madarasa yakaongezeka upesi kuliko walimu walioandaliwa. Njia iliyozaliwa katika skuli chache zenye vifaa ikapelekwa katika skuli zisizo na picha wala kadi, mikononi mwa walimu ambao wengi wao hawakupata kusomea ualimu. Jina la njia likabaki, lakini roho yake ikatoka. Watoto walikaa kwa makundi, kisha wakakariri kama zamani, tena kwa lugha ambayo hata mwalimu wao hakuimudu.

Hesabu nazo zilipata msukosuko kama huo. Mwaka 1957 Warusi walirusha angani setilaiti ya kwanza, Sputnik, na Wamarekani wakaona wameachwa nyuma. Hivyo wakaharakisha kubadili ufundishaji wa sayansi na hesabu. Mawimbi ya mabadiliko hayo yalifika kwetu. Mwaka 1962 wataalamu walikutana Entebbe, Uganda, wakaandika vitabu vya hesabu mpya vilivyoanza na mafundisho ya seti. Kenya iliifuata hesabu hiyo mpaka mwaka 1981, Rais Daniel arap Moi alipotangaza kuwa iondolewe. Wazazi walikuwa wameshindwa kuwasaidia watoto wao, na walimu wengi walikuwa wakifundisha jambo ambalo wao wenyewe hawakufundishwa.

Redio ilikuwa na bahati bora kidogo. Kati ya mwaka 1980 na 1985 ulifanywa mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya mwanzo. Sauti ya redio iliuliza, ikanyamaza. Watoto wakajibu kwa pamoja, na mwalimu akawaongoza. Wanafunzi waliosoma hivyo walionekana kuwapita wenzao katika kusikia na kusoma. Lakini mwaka 1985 ndio mwaka ulioanza mtaala wa 8-4-4, na mradi ule ukafikia mwisho wake. Redio ilirudi kutukumbusha thamani yake Machi 2020, maradhi ya korona yalipofunga skuli zote. Watoto wengi wa vijijini walikuwa hawana chombo kingine cha kupatia masomo. Hata hivyo tulijifunza pia mpaka wake: redio ya nyumbani humwuliza mtoto, lakini haimwoni anapokosa kuelewa.

Sasa twafika katika ubao wa kioo. Mwaka 2013 serikali iliahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza. Baada ya mashaka ya zabuni, kazi ilianza mwaka 2016, na katika miaka iliyofuata vishikwambi zaidi ya milioni moja vilipelekwa katika skuli za msingi za umma zaidi ya 21,000. Nyaya za umeme au mitambo ya nguvu za jua zilifikishwa katika skuli ambazo hazikupata kuwa na taa. Jambo hili ni kubwa, na mwenye insaf hatalidharau. Mtoto wa Majoreni aliweza kuona kwa macho yake mlima wenye theluji na moyo wa mwanadamu ukipiga, mambo ambayo mwalimu wake alikuwa akiyachora kwa chaki.

Lakini katika skuli moja niliyopata kufundisha, vishikwambi vilikaa ndani ya kabati la chuma lenye makufuli mawili. Mkuu wa skuli ndiye aliyetia sahihi ya kuvipokea, naye alihofu kudaiwa kimoja kikipotea zaidi ya alivyohofu vyote kukaa bure. Sisi walimu tulikuwa tumepewa mafunzo ya siku chache tu, na kilipokataa kuwaka hatukujua la kufanya. Mwaka 2019 mtaala mpya wa umilisi ukaanza kuchukua nafasi ya 8-4-4, nasi tukawa na mageni mawili kwa wakati mmoja. Siku moja mtoto wa darasa la pili aliniuliza, "Mwalimu, vile vya kabatini ni vya nani?" Sikuwa na jibu lililonyooka.

Swali la mtoto yule ndilo swali la historia hii yote. Ukilinganisha ubao wa mbao na ubao wa kioo, utaona kwamba tofauti yao kubwa si umeme. Ubao wa mbao ulikuwa wa mtoto, ulitengenezwa kijijini, na mwalimu aliujua. Ubao wa kioo ulikuja ukiwa wa serikali, ukatengenezwa mbali, na mwalimu akakutana nao siku ile ile aliyokutana nao mwanafunzi. Vivyo hivyo njia ya mwaka 1957 ilifaulu palipokuwa na mwalimu aliyeandaliwa na msimamizi wa kumtembelea, ikaanguka palipokosekana hao wawili. Chombo kilikuwa kile kile. Mikono ndiyo iliyotofautiana.

Kwa hiyo si haki kusema kuwa vyombo vipya havifai, wala si kweli kwamba vyatosha. Fedha inayonunua chombo haina budi kuandamana na fedha ya kumfunza mwalimu, si kwa siku tatu bali mwaka hata mwaka, na ya kumlipa fundi aliye karibu. Tena apewe ruhusa ya kukosea, kwa maana mtu hawezi kujifunza usukani wa chombo kilichofungiwa bandarini.

Kijana usomaye, yumkini siku moja nawe utasimama mbele ya darasa, na katika siku zako litaletwa jambo jipya ambalo sisi hatujaliota. Usilikimbie, wala usilisujudie. Liulize maswali mawili: nani atalijua vizuri kabla ya watoto, na litakapoharibika, nani atalitengeneza? Wazee wanaweza kujaribu njia na kuiacha, kisha wakajaribu nyingine. Mtoto hupita darasa la kwanza mara moja tu katika maisha yake, na mwaka aliopotezewa haurudi.