Damu Yenye Umbo la Mundu

Mundu ni chombo cha mvunaji, na kila mtoto wa shamba anajua umbo lake. Mwaka 1910 daktari mmoja wa Chicago, James Herrick, alitangaza kuwa ameliona umbo hilo mahali pasipotarajiwa, yaani ndani ya damu ya mtu. Mgonjwa wake alikuwa kijana wa kisiwa cha Grenada, mwanafunzi wa udaktari wa meno, aliyesumbuliwa na kikohozi, homa na upungufu wa damu. Chembe nyekundu za damu huwa za mviringo, lakini nyingi za kijana huyu zilikuwa zimepinda na kuchongoka ncha. Maandishi ya kitaalamu yakaanza hapo. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kale, na wazazi wa Afrika waliujua kwa vilio vya watoto wao kabla hadubini haijabuniwa.

Chembe iliyopinda haipiti vema katika mishipa myembamba. Huziba njia kama magogo katika mfereji, na kiungo kisichofikiwa na damu hushikwa na maumivu makali. Mtoto huurithi ugonjwa huu kwa baba na mama pamoja. Aliyerithi upande mmoja tu kwa kawaida huwa mzima.

Msomaji atauliza: kwa nini ila hii haikutoweka, ikiwa iliua watoto kizazi baada ya kizazi? Jibu lilianza kuonekana katika nchi yetu ya Kenya. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa hapa, alipima damu ya watu wa makabila mbalimbali mwaka 1949. Akaona kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wenye urithi wa upande mmoja walikuwa wengi, na katika nyanda za juu walikuwa haba. Pwani na ziwani ndiko malaria ilikotawala. Mwaka 1954 alieleza kwamba urithi huo wa upande mmoja humkinga mtoto na malaria kali. Ugonjwa ulikuwa ushuru wa ngao.

Lakini chanzo kilipojulikana, tiba haikuonekana upesi. Mwaka 1961, mjini Toronto, James Till na Ernest McCulloch waliwapiga panya miali iliyoharibu uboho wao, kisha wakawadunga uboho wa panya wazima. Baada ya siku kumi hivi walikuta vinundu katika bandama za panya hao, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kuwa kila kinundu kilitokana na chembe moja tu. Ikadhihirika kuwa katika uboho mna chembe chache ziwezazo kuzaa damu ya kila namna. Leo huitwa chembe shina.

Basi ukibadili shina, damu nayo hubadilika. Mwaka 1984 madaktari wa Memphis, Marekani, walieleza habari za msichana aliyepewa uboho wa ndugu yake kwa ajili ya saratani ya damu, akapona na ugonjwa wa mundu pia. Ila uboho wa mwingine ni mgeni mwilini. Usipolingana huzusha vita, na wagonjwa wengi hawana ndugu anayelingana nao.

Njia nyingine ilikuwa imelala katika jambo dogo lililoonwa zamani. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa New York, aligundua kwamba damu ya watoto wachanga wenye ugonjwa huu hupinda kidogo mno. Mtoto huzaliwa na damu ya tumboni, isiyo na ila hiyo, na baada ya miezi kadhaa mwili huiacha. Mwaka 2008 wataalamu wa Boston walionyesha kizuizi kinachoizima. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walieleza chombo kilichoigwa kwa bakteria, kinachokata maandishi ya urithi mahali palipochaguliwa, mfano wa mkasi wa mshonaji. Sasa mgonjwa hutolewa chembe shina zake mwenyewe, kizuizi hukatwa, uboho uliobaki huuawa kwa dawa kali, naye hurudishiwa chembe zake. Katika jaribio moja, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo Novemba 2023, na Marekani Desemba.

Hapa furaha yangu hupungua. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, nao watoto wengi wenye ugonjwa huu huzaliwa Afrika, kwa watu wale wale ambao damu yao ilitoa jibu la malaria. Kwao msaada ulio karibu zaidi ni dawa ya kumeza kila siku, haidroksiyurea, ambayo nayo huamsha ile damu ya utotoni. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 katika nchi nne za Afrika, pamoja na wa Kilifi, na matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa maumivu, malaria na vifo vilipungua. Haiponyi, wala haihitaji maabara ya kukata chembe. Wakati huohuo wataalamu wanatafuta namna ya kuuingiza ule mkasi mwilini kwa sindano tu, uboho usiuawe kwanza.