Risasi za Ghuba ya Manza

Vita vilipoanza mwaka 1914 katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la koloni hilo, walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Mtutu wake ulikuwa wa milimita 11, ukijazwa risasi moja moja, na baruti yake ilikuwa nyeusi. Kila mlio uliacha wingu la moshi mweupe, na adui akajua papo hapo mpigaji amejificha wapi. Kampuni chache zilikuwa na Mauser ya 1898, ya milimita 7.92, ambayo baruti yake haikutoa moshi mwingi.

Risasi za bunduki moja hazikuifaa nyingine. Kipenyo, urefu na umbo la ganda lazima vilingane na chemba, na nguvu ya baruti ilingane na uimara wa chuma. Baruti ya kisasa ikijazwa kwa kipimo cha baruti nyeusi, mtutu wa zamani unaweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Kwa hiyo jumla ya risasi zilizomo ghalani haikumwambia kamanda mengi. La muhimu lilikuwa ni za bunduki ipi. Ushindi wa Wajerumani huko Tanga, Novemba 1914, ulikuwa na thamani kubwa kwa sababu risasi 600,000 za Waingereza zilitekwa pamoja na bunduki zake.

Aprili 1915 Rubens, meli ya Wajerumani iliyobeba risasi na kujifanya ya Denmark, ilifukuzwa na manowari ya Kiingereza hadi Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Mabaharia wake waliizamisha kwenye maji ya kina kifupi, na Waingereza wakaondoka wakiamini imekwisha. Shehena ikaopolewa. Risasi zilizolowa maji ya chumvi zilifunguliwa: kichwa kikachomolewa, baruti ikamwagwa na kuanikwa, ganda likasafishwa, kisha vyote vikaunganishwa upya. Ilikuwa kazi ya subira ya ajabu, lakini risasi nyingi bado ziligoma kulipuka.

Risasi ya namna hiyo ni hatari. Inaweza kulipuka kwa kuchelewa, na ndiyo maana katika viwanja vya shabaha mpigaji hufundishwa kuelekeza mtutu mahali salama na kusubiri kama nusu dakika kabla ya kufungua bunduki. Baruti iliyopoteza nguvu huweza pia kuacha kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikaupasua. Askari aliye vitani hakuwa na nafasi ya kusubiri.

Mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, yalikula karibu akiba yote ya risasi za kisasa. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, alivuka mto Ruvuma na kuiteka ngome ya Wareno ya Negomano; askari wake wakazitupa bunduki za zamani na kuchukua za Wareno, risasi zake zikiwa tele. Kikosi kilipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, kilikabidhi bunduki 1,071, zote za Kiingereza na za Kireno.