Tatu na Nusu ya Nini?

Ndugu msomaji, kama ulimaliza darasa la saba katika nchi hii, bila shaka unaikumbuka amri ile ya hesabu: ukitakiwa kugawanya kwa sehemu, ipindue sehemu ya pili, asili iende juu na kiasi kije chini, halafu zidisha. Tuliiimba darasani mpaka ikakaa kichwani. Lakini muulize mtu mzima yeyote leo, awe karani wa benki au seremala anayepima robo inchi kutwa nzima, kwa nini tunapindua. Atakuambia mwalimu alisema hivyo.

Nimelichagua jambo hili dogo wiki hii kwa sababu siku hizi somo hilohilo linatengenezwa upya. Vijana wetu wanaandaa masomo ya hesabu ya kusomwa kwa kompyuta na simu, yenye picha zinazotembea, sauti na muziki. Wazazi wanayalipia, shule zinashawishiwa kuyanunua. Nami kama mtu wa redio, ambaye kazi yangu ni kusema na watu nisiowaona, nimejiuliza: wenzetu waliojaribu kufundisha kwa mashine kabla yetu walipata nini? Historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Lakini kwanza tuone ugumu wenyewe. Mwaka 1999 mtafiti mmoja, Liping Ma, alitoa kitabu kilichowashtua Wamarekani. Walimu 23 wa shule za msingi wa Marekani na 72 wa China walipewa hesabu moja: moja na robo tatu, gawanya kwa nusu. Kisha watunge hadithi ya maisha ya kawaida inayoelezea hesabu hiyo. Wachina wote 72 walipata jibu, yaani tatu na nusu. Wamarekani waliolipata kikamilifu ni 9. Kwenye hadithi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wachina 65 walitunga hadithi sahihi. Wamarekani, mmoja tu. Kosa lililojitokeza zaidi ni hili: mwalimu anachukua mkate mmoja na robo tatu anawagawia watu wawili. Hiyo si kugawanya kwa nusu, bwana. Hiyo ni kugawanya kwa mbili.

Tusiwacheke. Hebu nasi tujaribu, kwa vipimo vyetu wenyewe. Wazee wa pwani walipima nafaka kwa pishi na kibaba, na pishi moja ni vibaba vinne. Mama ana pishi moja na robo tatu za mchele. Kila siku anapika nusu pishi. Mchele utamtosha siku ngapi?

Bibi yangu asingepindua kitu hapo. Angehesabu vibaba. Pishi moja na robo tatu ni vibaba saba. Nusu pishi ni vibaba viwili. Vibaba saba kwa viwili viwili: siku tatu, na kinabaki kibaba kimoja. Hapo ndipo penye mtego, na naomba tusimame kidogo. Kibaba kilichobaki ni robo ya pishi, kwa hiyo mtoto mwepesi ataandika tatu na robo. Kumbe swali halikuwa linauliza pishi, linauliza siku, na kibaba kimoja ni nusu ya chakula cha siku. Jibu ni tatu na nusu. Mtoto aliyeandika tatu na robo hakukosa kuhesabu. Amechanganya kitu kinachopimwa na kipimo chenyewe. Na kule kupindua? Ndani ya pishi moja mna nusu pishi mbili. Basi ndani ya pishi moja na robo tatu mna mara mbili ya moja na robo tatu. Ile mbili ndiyo nusu iliyopinduliwa. Hakuna mazingaombwe.

Njia hii ya bibi, ya kuvigeuza vyote viwili viwe vya kipimo kimoja ndipo ugawanye, ni ya kale mno. Imo katika kitabu cha Kichina cha hesabu kiitwacho Jiuzhang Suanshu, yaani Sura Tisa za Hesabu, ambacho mwanahesabu Liu Hui alikiandikia maelezo mwaka 263. Katika sura yake ya kwanza mna swali la watu saba wanaogawana sarafu nane na theluthi moja. Linalofuata linafurahisha zaidi: watu watatu na theluthi moja ya mtu wagawane sarafu sita na theluthi moja, pamoja na robo tatu ya sarafu. Kila mtu apate ngapi? Jibu ni mbili na moja ya nane. Theluthi ya mtu sijui alikuwa nani, labda mtoto mchanga. Ila naona mtunzi alijua alichokuwa akifanya: alitaka mwanafunzi ashtuke, aache kukariri, afikiri.

Amri ya kupindua na kuzidisha nayo ina kwao. Mahavira, mwanahesabu wa kusini mwa India, aliiandika wazi kiasi cha mwaka 850. Mstari ule tunaouchora kati ya kiasi na asili unaonekana katika maandishi ya al-Hassar, wa Maghribi, katika karne ya 12, na Leonardo wa Pisa, ambaye alisoma hesabu katika bandari ya Bejaia huko Algeria, aliueneza Ulaya kwa kitabu chake cha mwaka 1202. Sisi wa pwani tulipata nusu, robo, theluthi, sudusi na thumni kwa Waarabu, na wanaogawa mirathi wanazitumia sehemu hizo hadi leo.

Sasa tuingie kwenye mashine. Watu hudhani kusoma kwa kompyuta iliyo mbali kulikuja na intaneti. La hasha. Katika miaka ya 1960 Patrick Suppes, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, alikuwa na kompyuta iliyouliza watoto maswali ya hesabu kupitia waya za simu. Kufikia mwaka wa masomo wa 1967–68 watoto wa mji wa McComb, jimbo la Mississippi, safari ya maelfu ya kilomita kutoka Stanford, walikuwa wakiketi mbele ya taipureta iliyounganishwa na kompyuta hiyo. Swali linachapwa kwenye karatasi, mtoto anachapa jibu, mashine inamwambia kapata au kakosa. Hakuna picha. Ni mazoezi tu, tena ya haraka.

Waya za simu hazikufika kila mahali. Kwa hiyo Stanford hiyohiyo ilipokwenda Nicaragua mwaka 1974, ilitumia chombo changu, redio. Mradi ule ulifundisha hesabu madarasa ya chini, kipindi cha kama nusu saa kila siku ya shule, na haukuwa wa kusikiliza kimya. Mtangazaji anauliza, ananyamaza kidogo, darasa zima linajibu kwa sauti, kisha mtangazaji anataja jibu. Watoto wa redio walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao waliofundishwa bila redio. Vita na mapinduzi ya mwaka 1979 vikaukatisha, lakini mtindo wenyewe ulisafiri. Kenya iliutumia kufundishia Kiingereza katika miaka ya 1980, na Zanzibar nayo ikautumia katika miaka ya 2000 kwa watoto wadogo, kwa kipindi cha Tucheze Tujifunze.

Mimi nauheshimu mtindo huo kuliko vipindi vingi vya elimu nilivyosikia maishani. Ila nakijua chombo changu. Darasa likipaza sauti “tatu na robo!”, mtangazaji aliyerekodi kipindi mwezi uliopita atasema kwa furaha, “Vizuri sana, ni tatu na nusu!” Redio haina masikio.

Je, mashine yenye masikio ya kusahihisha inatosha? Hapa nitakusimulia kisa cha Benny, jina la kificho la mvulana wa Kimarekani wa miaka 12. Benny alikuwa akisoma hesabu kwa mpango ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, ambapo kila mtoto anakwenda kwa mwendo wake mwenyewe: anapewa vijitabu, anajibu, majibu yanalinganishwa na ufunguo, akifikisha asilimia 80 anasonga mbele. Haikuwa kompyuta, lakini ndiyo mantiki ileile ya masomo mengi ya kompyuta. Benny alikuwa miongoni mwa wazuri darasani. Mwaka 1973 Stanley Erlwanger, wa Chuo Kikuu cha Illinois, alichapisha mazungumzo yake na mtoto huyo. Alifanya jambo ambalo mpango haukuwa na nafasi nalo: alimwuliza amepataje.

Kumbe Benny aliamini kuwa mbili ya kumi ni 1.2, na tano ya kumi ni 1.5. Alijumlisha kiasi na asili, akaweka nukta. Alikuwa na kanuni chungu nzima za namna hiyo, alizozitunga mwenyewe kwa kukisia nini kitakubaliwa. Na hakuwa mjinga. Aliona kuwa akiandika jibu sahihi kwa sura tofauti na ile ya ufunguo, anawekewa kosa; akaamua kuwa hesabu ni mchezo wa kuuwinda ufunguo. Miaka minne alipita akivuka ngazi, na kila karatasi ikionyesha anaendelea vizuri.

Kisa hiki kinanitisha kuliko takwimu za mitihani. Mtoto anayefeli tunamwona. Benny alikuwa akifaulu.

Chuo hichohicho cha Illinois kilikuwa na dawa mojawapo. Tangu mwaka 1960 mhandisi Donald Bitzer na wenzake walikuwa wakijenga mfumo wa kufundishia ulioitwa PLATO. Ulipofika toleo la nne, mwaka 1972, ulikuwa na kioo cha rangi ya chungwa kinachoitikia kidole, picha za rangi zilizomulikwa kutoka nyuma ya kioo, hata kifaa cha sauti. Yote yakiongozwa kwa waya na kompyuta kubwa moja pale Urbana. Huko Sharon Dugdale na David Kibbey walitengeneza masomo ya sehemu. Mojawapo ulikuwa mchezo wa vishale. Kiooni pana mstari wa namba, na maputo yamefungwa hapa na pale. Mtoto anachapa namba, mathalani mbili na robo, na kishale kinaruka hadi mahali hasa pa mbili na robo. Kama puto lipo, linapasuka. Kama halipo, kishale kinabaki pale kilipochoma.

Umeona tofauti, ndugu msomaji? Mashine haikusema “umekosa, jaribu tena.” Ilifanya alichoagizwa na mtoto na kumwonyesha matokeo. Kosa lenyewe likawa habari: umezidisha kidogo, rudi nyuma. Kwa maoni yangu mchezo ule wa zaidi ya miaka 50 iliyopita una akili kuliko masomo mengi ya leo yenye simba anayepiga makofi.

Simba huyo nimemwona. Jirani yangu mmoja kijana, mjuzi wa kompyuta, alinionyesha somo aliloandaa la kugawanya sehemu. Kazi safi, rangi nzuri, Kiswahili fasaha. Ukiburuta ile sehemu ya pili kwa kidole inapinduka yenyewe, simba anashangilia. Nikamwuliza, mtoto akimaliza somo hili atajua nini ambacho mimi sikukijua nilipoimba ile amri? Hakukasirika, nashukuru. Tulikaa tukachora vibaba saba kwenye bahasha. Tukakubaliana kwamba kupindua kuje mwisho kabisa. Kwanza mtoto amimine vibaba kwenye sufuria za siku, na kile kibaba cha mwisho kibaki peke yake kiooni mpaka aseme ni nusu ya nini. Tena aandike kwa maneno yake, na maneno hayo yamfikie mwalimu aliye hai.

Tulibishana kuhusu mwalimu huyo. Yeye aliona ni gharama, nami nikamkumbusha Benny. Tukabishana pia kuhusu uzito wa somo, maana picha zake zinakula bando, na atakayelipa ni mzazi. Tena vyombo hivi hupita: masomo chungu nzima ya hesabu duniani yaliyoandikwa kwa programu ya Flash yalizimika baada ya kampuni yake kuacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na walioyatumia darasani wakaachwa na kioo kitupu. Nikamshauri kila sura ya somo lake iwe na karatasi yake ya kuchapwa.

Sasa kazi ni kwenu. Watakaopenda, watunge hadithi ya moja na robo tatu kugawanya kwa nusu. Iwe ya kitambaa, mafuta ya taa, shamba, chochote, ila si mchele maana huo nimeshaumaliza. Waitume kituoni kabla ya Alhamisi. Nitazisoma hewani zile ambazo jibu lake ni tatu na nusu, mradi mtunzi aeleze ile nusu ni nusu ya nini.