Nani Anajua Kupika Sandarusi?

Kitanda kipya kinachotoka karakana za samani za Moshi hung'aa kwa vanishi ya kopo. Nimewauliza mafundi kadhaa hapa mjini kuhusu sandarusi. Mmoja tu alilijua neno hilo, naye alidhani ni aina ya ubani.

Hakuwa mbali: zote mbili ni utomvu mkavu wa mti. Ila sandarusi iliyotafutwa sana katika karne ya 19 ilichimbwa ardhini, kule pwani, kuanzia maeneo ya Bagamoyo hadi Kilwa. Ulikuwa utomvu wa misandarusi iliyokufa zamani, umekuwa mgumu kama jiwe. Ule mbichi uliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa ndogo. Wazaramo na majirani zao walichimba, wafanyabiashara wa Kihindi walinunua, Unguja ikauza nje. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani, shehena nyingi zilielekea Salem, ambako palikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Ikiondolewa ganda, uso wake huwa na vipele, kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Huko ng'ambo iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani, ikawa vanishi ya magari ya farasi. Sisi tulijua kuchimba. Kupika walijua wao.

Kusema tuliporwa malighafi ni kweli nusu. Wajapani hupaka vyombo kwa urushi, utomvu wa mti unaokauka vizuri penye unyevu, tabaka juu ya tabaka. Katika maki-e, fundi hunyunyizia unga wa dhahabu kabla urushi haijakauka. Leo sehemu kubwa ya utomvu huo hununuliwa China, lakini ufundi uko Japani bado. Wapo wanunuzi, wapo wanagenzi, na serikali huwatambua mabingwa kama hazina hai ya taifa: Matsuda Gonroku alitambuliwa kwa maki-e mwaka 1955.

Huku mlimani tunao mfano wetu. Wahunzi wa Mamba hawakuwa na chuma chao, kilitoka Upare. Wakafua mikuki, Wamasai wakanunua. Mivukuto ya Mamba inapulizwa mpaka leo, chuma sasa ni chakavu, na baadhi ya wateja ni watalii.