Ukiritimba wa amri jeshini

Ukiritimba wa amri ni utamaduni wa uongozi wa kijeshi ambamo maamuzi yote hushikwa na wakuu, na kamanda aliye mstari wa mbele haruhusiwi kubadili mpango hata hali inapobadilika. Kasoro yake ya kwanza ni muda: taarifa hupanda ngazi, amri hushuka, na adui hasubiri. Taarifa zenyewe hupambwa njiani, kwa kuwa mleta habari mbaya huogopa adhabu.

Mfano ulio wazi ni wa Jeshi Jekundu la Umoja wa Kisovieti huko Kiev mwaka 1941, lilipokabiliwa na Wajerumani. Msako wa Stalin wa 1937–1938 ulikuwa umewaondoa maelfu ya maofisa, wengi kwa kuuawa au kufungwa. Mwishoni mwa Julai 1941 Georgy Zhukov alishauri Kiev iachwe. Akavuliwa cheo cha mnadhimu mkuu. Semyon Budyonny, kamanda wa majeshi ya eneo hilo, aliomba ruhusa ya kurudi nyuma mwezi Septemba, naye akabadilishwa. Mrithi wake, Semyon Timoshenko, hatimaye alitoa ruhusa hiyo, lakini kwa mdomo tu. Jenerali Mikhail Kirponos, ambaye vikosi vyake vilikuwa vimekwisha kuzingirwa, alidai amri ya maandishi (tahadhari inayoeleweka, kwa yaliyowapata wenzake) akaiuliza Moscow. Jibu lilifika usiku wa tarehe 17, nalo liliruhusu kuuacha mji tu. Kirponos aliuawa tarehe 20. Wajerumani walidai kuteka watu zaidi ya 600,000.

Ukiritimba huo ulilegezwa baadaye: mamlaka ya makomisaa wa kisiasa (wasimamizi wa chama jeshini) juu ya makamanda yalifutwa Oktoba 1942.